Nundu na Kigosho: Dole Gumba la Mguu katika Kumbukumbu za Tiba, Rombo ya Kajiado

Mjadala wa istilahi za tiba katika Kiswahili umeelekea mno kwenye magonjwa makubwa. Malaria, kifua kikuu, kisukari na saratani yamekwisha kupata majina yaliyokubalika, na wanaoyatumia hawababaiki. Lugha hujaribiwa zaidi pale inapokabiliwa na kasoro ndogo isiyoua, ambayo kila mtu amepata kuiona lakini hakuna aliyeshurutishwa kuipa jina moja. Mojawapo ni ile ya kidole kikubwa cha mguu kuwaegemea wenzake, huku kifundo kilicho mwanzo wa kidole hicho kikitokeza upande wa ndani wa mguu kama nundu. Waingereza huiita banioni. Vitabu vya uganga huiita haluksi valgasi. Kiswahili huiita kwa majina mengi, na kwa sababu hiyo haina jina. Makala haya yanaeleza yanayotokea kati ya kinywa cha mgonjwa na namba inayoandikwa hospitalini pale jina linapokosekana, na kuangalia kama Kiswahili kina maneno ya kuliziba pengo hilo.

Mahali panapofaa kulitazama jambo hili ni Rombo, wadi ya Kajiado Kusini nchini Kenya, chini ya mlima Kilimanjaro. (Isichanganywe na Wilaya ya Rombo iliyo ng'ambo ya mpaka, upande wa Tanzania, yenye jina lilo hilo.) Hapo hukutana wafugaji wa Kimaasai na wakulima wa Kikamba, Kichaga na Kikikuyu, wanaomwagilia nyanya na vitunguu kwa maji ya chemchemi za mlima. Kiswahili ndicho kiungo chao, ingawa kwa wengi si lugha ya kwanza. Mgonjwa wa mguu huanzia kituo cha afya cha hapo hapo. Akishindikana huelekezwa hospitali ya Loitokitok. Kutoka huko huenda akafika hospitali ya rufaa ya Kajiado, au akamfuata jamaa aliyehamia Kitengela, mji uliopanuka kwa ajili ya viwanda vya Athi River, ili atazamwe huko. Kila kituo humwuliza upya anaumwa nini. Hujibu kwa Kiswahili, au kwa Kimaasai kupitia kwa mtoto wake anayemfasiria, na jibu lake huandikwa kwa Kiingereza.

Kabla ya kuyajadili maneno yafaa kasoro yenyewe ieleweke, maana majina mengi inayopewa yametokana na kutoieleweka. Mifupa mirefu ya mguu inayotangulia vidole ni mitano. Katika kasoro hii mfupa wa kwanza, ulio chini ya dole gumba, husogea taratibu kuelekea mguu wa pili, na dole lenyewe hupinda kwenda upande wa kinyume, kuelekea vidole vidogo. Pembe hujengeka penye kiungo, na kichwa cha mfupa husukumwa nje. Ngozi ya hapo husuguliwa na kiatu, mfuko mdogo wa majimaji ulio chini yake hufura, na uvimbe huonekana. Hakuna mfupa uliomea. Waganga huipima pembe hiyo kwa picha ya eksirei iliyopigwa mgonjwa akiwa amesimama. Ikizidi nyuzi 15 huhesabiwa kuwa si ya kawaida. Pembe kati ya mfupa mrefu wa kwanza na wa pili nayo hupimwa, na mpaka wake ni nyuzi 9 hivi. Asili ya ukoo ina sehemu yake katika jambo hili, na viatu vina yao. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1958 kuhusu Wachina wa Hong Kong ulionyesha kwamba miongoni mwa waliovaa viatu, asilimia 33 walikuwa na kasoro hii, na miongoni mwa waliokwenda miguu mitupu ni asilimia 1.9 tu. Mmaasai wa akala, ambazo huacha vidole vikitanuka, na mkulima wa gambuti au wa kiatu cha mtumba kilichochongoka hawamo basi katika hatari iliyo sawa, hata wakiishi kijiji kimoja.

Maneno matano, namba tano

Ichukuliwe kwa mfano mwanamke wa makamo anayeshinda shambani kwa gambuti, na ambaye nundu imekuwa ikimsumbua kwa miaka mingi. Afikapo mbele ya tabibu anaweza kueleza shida yake kwa njia nyingi, na kila njia ni Kiswahili sahihi.

Anaweza kusema, "Mguu unaniuma." Akiandikwa hivyo, na karani wa kumbukumbu akatafuta namba katika Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la kumi, atapata M79.6, yaani maumivu ya kiungo cha mwili bila kutajwa sababu. Anaweza kusema ana baridi yabisi, jina ambalo katika matumizi ya watu hukusanya karibu kila maumivu ya viungo. Namba itakuwa M79.0, au nyingine ya jamii hiyo. Anaweza kusema ana jongo, na namba itakuwa M10. Anaweza kusema kidole chake kimefanya sugu, na namba itakuwa L84, ambayo haimo hata katika mlango wa mifupa bali katika mlango wa ngozi. Au anaweza kusema kwamba kidole kimepinda na kuwalalia wenzake. Hapo tu ndipo karani anapoweza kuifikia M20.1, ambayo ndiyo namba ya kasoro yenyewe. Mguu ni ule ule.

Isidhaniwe kwamba kosa ni la mgonjwa. Kila neno kati ya hayo limebeba ukweli wake. Mguu unauma kweli. Sugu ipo, kwa kuwa ngozi inayosuguliwa huwa ngumu. Matatizo hutokea kwa sababu namba haipokei ila jambo moja kwa wakati mmoja, na lugha ya kawaida haikuundwa kwa ajili ya kupanga wagonjwa safuni.

Neno jongo lastahili kutazamwa zaidi. Ugonjwa huo hupenda mno kiungo hicho hicho cha dole gumba, na kwa jicho la haraka miguu miwili hufanana. Lakini jongo huja kwa ghafla, aghalabu usiku, kiungo kikawa chekundu na cha moto, kisha likaondoka. Nundu hujengeka kwa miaka. Mgonjwa aliyeandikwa M10 bila kuulizwa shida ilianza lini hupewa dawa za jongo na kuambiwa apunguze nyama. Katika nyumba ya mfugaji wa Rombo hilo si agizo jepesi. Akiendelea kuumwa baada ya kulitii, hatadhani kwamba neno lake lilifasiriwa vibaya. Atadhani dawa za hospitali hazifai.

Sugu lina mkasa wa kisarufi. Kama nomino ni ngozi iliyokakamaa; kama kivumishi huonyesha ugonjwa wa muda mrefu, wala halichukui kiambishi chochote cha upatanisho. Kauli "maumivu ya kidole sugu" yaweza kufahamika kuwa maumivu ya muda mrefu ya kidole, au maumivu ya kidole chenye ngozi ngumu. Mwenye lugha huamua kwa muktadha. Mfasiri aliyesimama kati ya mama na tabibu, akiwa na nusu dakika, huamua kwa bahati.

Kisha kuna neno mguu lenyewe. Kiswahili hulitumia kwa kiungo chote, tangu nyonga hadi kucha, na unyayo ni sehemu ya chini tu. Kimaasai hakiokoi hali hii, maana enkeju nalo hujumlisha mguu wote. Kiingereza kina maneno mawili, na fomu za hospitali zimejengwa juu ya utengano huo. Kwa hiyo anayefasiri kutoka Kimaasai hadi Kiswahili hapotezi kitu, na anayefasiri kutoka Kiswahili hadi Kiingereza hulazimika kuongeza taarifa ambayo hakupewa. Akikosea, maumivu ya kidole huandikwa kuwa ya paja.

Upande nao huleta tabu. Kulia ni upande wa mkono wa kula. Neno limehamishiwa mguuni, ambao haujapata kula chochote, na wazee wengine bado husema kuume. Mgonjwa na tabibu wakiwa wametazamana, kidole kikaelekezwa tu na mgonjwa akasema "huu hapa", upande unaoandikwa waweza kuwa wa mwandishi badala ya wa mwenye mguu. Namba M20.1 ya Shirika la Afya Duniani haitaji mguu wa upande gani. Kama upande haukuandikwa kwa maneno katika faili, basi haumo popote.

Namba inavyolifuata neno

Uainishaji wa magonjwa una historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Ulianza kama orodha ya sababu za vifo, iliyotayarishwa na Mfaransa Jacques Bertillon na kupokewa na wanatakwimu waliokutana Chicago mwaka 1893. Shirika la Afya Duniani liliuchukua mwaka 1948, katika toleo la sita, na tangu hapo ukahesabu magonjwa pamoja na vifo. Toleo la kumi liliidhinishwa mwaka 1990. La kumi na moja liliidhinishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, nalo huruhusu namba ya nyongeza inayotaja upande wa mwili. Orodha iliyozaliwa kwa ajili ya maiti huchelewa kuzoea vidole.

Kwa mwanaisimu jambo la kuvutia ni namna wenye namba walivyogombana na maneno yao wenyewe. Katika toleo la tisa lililotumika Marekani, uvimbe uliitwa 727.1 na kupinda kwa dole kukaitwa 735.0, yalikuwa mambo mawili. Toleo la kumi la Shirika la Afya Duniani liliyaunganisha, likaweka neno banioni chini ya M20.1 kama jina jingine la kasoro ile ile. Wamarekani hawakutosheka. Tarehe 1 Oktoba 2016 waliongeza katika toleo lao namba M21.61 kwa banioni peke yake, yenye tarakimu ya sita ya kutaja mguu wa kulia au wa kushoto, na M20.1 ikabaki ya kupinda. Sababu yao ni ya kitabibu. Kupinda ni hali ya mifupa. Uvimbe ni matokeo yake, na ukubwa wa kimoja hauwezi kusomwa kutokana na kingine.

Kwamba jina huweza kuelekeza kisu si maneno ya kunogesha. Mwaka 1923 daktari David Silver wa Marekani alieleza upasuaji uliopata umaarufu, ambao kiini chake kilikuwa kuchonga sehemu ya mfupa iliyotokeza na kukaza tishu za kiungo. Palipokuwa na kupinda kukubwa, kuchonga peke yake hakukutosha: pembe ilibaki na kasoro ikarudi. Leo wapasuaji hulenga zaidi kuukata na kuunyosha mfupa mrefu. Yule anayesema "mfupa umeota", kauli inayosikika sana kwa wasemaji wa Kiswahili wa pande zote mbili za mpaka, ameshika nadharia ile ile ya kuchonga. Kilichoota hukatwa, kilichohama hurudishwa. Tabibu anayeinakili kauli hiyo bila kuichunguza huipa nguvu ya utambuzi.

Hata Kilatini cha waganga si mfano wa usafi. Jina haluksi valgasi lilienezwa na Mjerumani Carl Hueter mwanzoni mwa miaka ya 1870. Katika Kilatini cha kale valgasi ilimhusu mtu wa matege, ambaye magoti yake hutengana. Waganga wa baadaye waliligeuza likawa la magoti yanayogusana, na maana hiyo iliyopinduliwa ndiyo inayofundishwa vyuoni. Wenye kudai kwamba Kiswahili hakifai kwa tiba kwa kuwa maneno yake yanayumba wangefanya vyema kulikumbuka hilo.

Kinachopotea

Kwa wagonjwa wa nje, namba hiyo mara nyingi haiandikwi kabisa. Vituo vya Kenya hutuma kila mwezi muhtasari wa wagonjwa waliozidi miaka mitano, nao huingizwa katika mfumo wa taarifa wa taifa ulioanza kutumika kwa mtandao mwaka 2011. Fomu hiyo ina safu za magonjwa yaliyochaguliwa. Nundu ya dole gumba haina safu yake. Hutumbukia pamoja na maumivu mengine ya viungo na mifupa, au katika safu ya magonjwa mengine yote. Kwa hiyo neno lililoandikwa katika daftari la kituo ndilo pekee linaloshuhudia kwamba mgonjwa huyo alikuwa na kasoro hii. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania ina vitabu vya mfumo wa MTUHA ambavyo vichwa vya safu zake vimeandikwa kwa Kiswahili. Ni hatua njema, ila kichwa cha Kiswahili juu ya utambuzi wa Kiingereza hakimwondolei tabibu kazi ya kufasiri. Kimehamisha mpaka wa lugha kutoka mlangoni hadi katikati ya ukurasa.

Hasara huonekana penye malipo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii imechukua nafasi ya Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali nchini Kenya. Mlipaji yeyote wa bima huangalia kama utambuzi unaafikiana na tiba inayoombwa. Faili iliyotoka kituo cha chini ikiwa na jina la ugonjwa wa ngozi haiwezi kutetea upasuaji wa mfupa, hata kama mpasuaji ameuona mguu kwa macho yake. Mgonjwa hurudishwa alikoanza, nauli juu yake, kwa kosa la neno moja.

Hasara kubwa zaidi ni ya mwenye kisukari. Mguu wake huweza kupoteza hisi, akawa hasikii kiatu kinavyoichubua nundu. Kidonda huingia pale pale, na kidonda cha namna hiyo kimewakatisha watu miguu. Ikiwa faili imeandika "maumivu ya mguu" tu, muuguzi atakayemwona mwaka unaofuata hana dalili ya kumwambia avue viatu. Na kwa kuwa mguu uliokufa ganzi hauumi, huenda mgonjwa mwenyewe asiseme neno.

Maneno yaliyopo

Kiswahili hakihitaji kukopa sana hapa. Lipo neno la zamani kigosho, lenye maana ya mpindo wa kiungo, aghalabu mkono. Kamusi limo, ingawa katika bara la Kenya halisikiki mara kwa mara. Lina faida tatu: ni fupi, hutaja umbo bila kudai sababu, na halijashikwa na ugonjwa mwingine. Kigosho cha dole gumba la mguu kingesimamia haluksi valgasi bila kulazimisha mtu yeyote kujua Kilatini. Kwa uvimbe, neno nundu linatosha. Wapo watakaolikataa kwa kuwa ni la ng'ombe. Huko Rombo hiyo ndiyo sifa yake: hakuna mtoto wa mfugaji anayefasiri asiyejua nundu ni kitu gani, na hatachanganya nundu na jipu wala chunjua. Uvimbe ni neno pana mno, na banioni lililotoholewa halimwelezi mgonjwa chochote.

Upungufu upo kwenye dole gumba. Kwa wengi hilo ni la mkononi kwanza, na maneno "la mguu" hayana budi kufuata kila mara. Kilatini kiliepuka tatizo hili kwa kuwa na jina jingine kabisa kwa kidole cha mkononi. Pengine ni bora kuuvumilia urefu kuliko kubuni neno jipya litakalojulikana na kamati iliyolibuni tu.

Majina hayo mawili hayatamwondolea tabibu wajibu wa kuuliza na kuandika: mguu upi, tangu lini, kiatu gani, kama dole hunyooka likivutwa kwa mkono, kama kiungo chauma kikisogezwa au ngozi peke yake ndiyo inayouma, kama kidole cha pili kimepandiwa, kama kuna kidonda, kama mgonjwa ana kisukari. Lakini yangemwezesha kuyaandika katika lugha aliyoyasikia, hivi: "Dole gumba la mguu wa kushoto lina kigosho, limelalia kidole cha pili, nundu upande wa ndani, nyekundu, ngozi haijachubuka. Imeanza miaka sita iliyopita, bila homa wala maumivu ya ghafla. Huvaa gambuti. Dole hunyooka kwa mkono. Mkojo hauna sukari." Karani wa Loitokitok, Kajiado au Kitengela akiusoma mstari huo, hawezi kuandika M10, wala L84, wala M79.6. Imebaki M20.1.